Kufunga Ukumbi Nako ni Dawa: Fedha za Umma kwa Sanaa za Maonyesho Wakati wa Janga la Afya

Utangulizi

Kila dawa ina faida na madhara yake, na tabibu anayeandika cheti cha dawa bila kumweleza mgonjwa madhara hayo amefanya nusu ya kazi. Kanuni hii wanafunzi wetu huifahamu mapema, wangali wageni wodini. Hata hivyo, ni nadra kuikumbuka pale dawa inapoandikiwa jamii nzima. Wataalamu wa afya wanapoishauri serikali izuie mikusanyiko na kufunga kumbi za burudani, huandika dawa inayomezwa na kundi moja ili makundi mengine yasiugue. Mwimbaji wa taarabu, mpiga ngoma, mwigizaji, mshona mavazi ya jukwaani na fundi wa taa hupoteza kipato siku ileile agizo linapotangazwa, ingawa wengi wao ni wazima.

Makala haya yanajadili swali moja: fedha ambazo serikali huwapa watu wa jukwaani wakati wa janga ni fadhila, au ni sehemu ya matibabu? Mfano wetu mkuu ni Uingereza, kwa kuwa huko suala hili lina kumbukumbu za zaidi ya miaka 400. Tutaupima mfano huo kwa jaribio lililofanyika Ireland, kisha tutarejea Afrika Mashariki tuone ni lipi linatufaa na lipi halitufai.

Kwa nini jukwaa hufungwa mapema

Tarehe 10 Machi 2020, wanakwaya 61 katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington nchini Marekani, walikusanyika kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili zilizofanana na mafua. Baada ya siku chache, watu 53 kati ya hao 61 walihesabiwa kuwa wagonjwa wa UVIKO-19: 33 walithibitishwa kwa kipimo na 20 walitambuliwa kwa dalili zao. Watatu walilazwa hospitalini, na wawili walifariki dunia. Taarifa hiyo ilisomwa kote duniani, na ikawa miongoni mwa sababu za kwaya na kumbi kutazamwa kwa hofu kubwa.

Sababu za kitabibu zinaeleweka. Mwimbaji huvuta pumzi ndefu, hutoa sauti kwa nguvu na husimama karibu na wenzake, mara nyingi ndani ya chumba kilichofungwa. Kila anapotoa sauti, chembe ndogo sana za majimaji hutoka katika njia yake ya hewa na kuelea. Watafiti wa Bristol nchini Uingereza waliwapima wasanii 25 wakiimba na kuzungumza kwa viwango mbalimbali vya sauti. Walibaini kwamba kuimba na kuzungumza hakutofautiani sana iwapo ukubwa wa sauti ni uleule. Kinacholeta tofauti kubwa ni kupaza sauti: kutoka sauti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, kiasi cha chembe hizo kiliongezeka mara 20 hadi 30.

Matokeo hayo yanatufundisha kwamba hatari haimo katika wimbo wenyewe. Imo katika ukubwa wa sauti, urefu wa muda, uchache wa hewa safi na msongamano wa watu. Kwa hiyo agizo la kufunga kumbi lilikuwa na msingi. Lililobaki ni kuuliza madhara ya dawa hiyo yalimwangukia nani, na nani aliyafidia.

Pauni 30 za mwaka 1604

Mwaka 1603, tauni iliua zaidi ya watu 30,000 katika jiji la London. Kumbi za michezo ya kuigiza zilifungwa, kama ilivyokuwa kawaida kila tauni ilipozidi. Vifo vilihesabiwa kila wiki, na katika kipindi hicho ulijengeka utaratibu kwamba vifo vya tauni vikizidi kiwango fulani, yapata 30 kwa wiki, michezo isimame. Msomaji wa leo atautambua utaratibu huo mara moja: ni ukomo wa hatari unaotegemea takwimu za ugonjwa.

Tarehe 8 Februari 1604, hazina ya Mfalme James I iliidhinisha pauni 30 kwa mwigizaji Richard Burbage na wenzake wa kundi la mfalme, ambalo William Shakespeare alikuwa mmoja wao. Sababu iliyoandikwa katika hesabu za mfalme inastahili kuzingatiwa na kila mtumishi wa afya. Kundi lilipewa fedha za kujikimu kwa kuwa lilikatazwa kuigiza hadharani London na viunga vyake, kwa hofu kwamba mkusanyiko wa watu ungeiamsha tauni upya. Mwaka 1609 kundi hilohilo lililipwa pauni 40 kwa mazoezi ya faragha wakati wa maambukizi, ili liwe tayari kuigiza mbele ya mfalme sikukuu zitakapofika.

Hapa tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba malipo yalifungamanishwa wazi na katazo la kiafya: aliyekatazwa kufanya kazi kwa ajili ya usalama wa wengine alilipwa kwa sababu hiyo. La pili ni kwamba fedha zilikwenda kwa kundi lenye mlezi mkubwa kuliko wote nchini. Swali la nani analipwa na nani anasahaulika lilizaliwa siku hiyohiyo.

Uingereza mwaka 2020: fedha za majengo na fedha za watu

Tarehe 16 Machi 2020, Waziri Mkuu wa Uingereza aliwashauri wananchi waepuke kumbi za michezo ya kuigiza na baa. Kumbi za West End jijini London zilifunga usiku huohuo. Wenye kumbi walilalamika kwamba ushauri usio na amri uliwaweka pabaya mbele ya kampuni za bima. Amri yenyewe ilifuata siku chache baadaye.

Msaada ulipita katika mifereji miwili. Mfereji wa kwanza ulielekezwa kwa mtu mmoja mmoja. Mwajiriwa aliyesimamishwa kazi alilipwa asilimia 80 ya mshahara, usiozidi pauni 2,500 kwa mwezi. Aliyejiajiri alilipwa asilimia 80 ya wastani wa faida yake, isiyozidi pauni 7,500 kwa miezi mitatu ya kwanza. Lakini aliyejiajiri alipaswa kuwa amepata angalau nusu ya kipato chake kwa kujiajiri na kuwa na kumbukumbu za kodi za miaka iliyotangulia, na faida yake kwa mwaka isizidi pauni 50,000. Masharti haya yanamfaa fundi bomba mwenye kazi ya aina moja. Hayamfai mwigizaji ambaye wiki sita ni mwajiriwa wa mchezo fulani, wiki nne amejiajiri katika tamasha, na miezi inayobaki anafundisha au anahudumu mgahawani. Watu wengi wa jukwaani waliangukia katikati: hawakuhesabiwa kuwa waajiriwa, wala hawakutimiza sharti la waliojiajiri.

Mfereji wa pili ulielekezwa kwa taasisi. Tarehe 5 Julai 2020, serikali ilitangaza pauni bilioni 1.57 kwa ajili ya utamaduni na urithi. Kwa taasisi za England zilitengwa pauni milioni 880 za ruzuku na milioni 270 za mikopo. Milioni 100 zilikwenda kwa taasisi za kitaifa, milioni 120 kwa ujenzi uliokwama, na milioni 188 kwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa na kiliokoa taasisi nyingi, ila baadhi zilikuwa zimeshaanguka. Kampuni ya Nuffield Southampton Theatres iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mwezi Mei, na haikufunguliwa tena. Mtu wa dharura anaelewa: kiasi sahihi cha dawa kikitolewa saa isiyo sahihi hakimsaidii aliyekwisha kukata roho.

Zaidi ya hayo, fedha za taasisi zilitolewa kwa matumaini kwamba zingechuruzika hadi kwa wanaofanya kazi bila ajira ya kudumu. Kila mtumishi wa zahanati anajua kuwa dawa kufika bohari si sawa na dawa kufika kinywani mwa mgonjwa. Ukumbi ulioziba pengo la bajeti yake lakini haukuandaa maonyesho haukuwa na sababu ya kumwita mcheza ngoma wala fundi wa sauti. Jengo lilipona, nao waliolipa uhai walibaki nje ya mlango. Kumbi za England hazikuruhusiwa kujaza viti vyote hadi tarehe 19 Julai 2021, yaani miezi 16 tangu usiku ule wa Machi.

Mikopo nayo inahitaji tafakuri. National Theatre iliidhinishiwa mkopo wa pauni milioni 19.7, na Royal Shakespeare Company milioni 19.4. Taasisi yenye mali na wateja waaminifu inaweza kulipa deni kwa miaka mingi. Mtu binafsi aliyekatazwa kufanya kazi akipewa mkopo, hana analofidiwa: gharama ya kinga ya jamii inaahirishwa tu, na mlipaji anabaki kuwa yeye.

Ireland: kipato kilichopimwa kama dawa

Baada ya kuathiriwa vibaya na kufungwa kwa kumbi, sekta ya sanaa ya Ireland ilipendekeza kipato cha msingi kwa wasanii. Mwaka 2022 serikali ilianzisha jaribio la miaka mitatu ambapo wasanii na wafanyakazi wa ubunifu 2,000 walilipwa euro 325 kila wiki. Waliostahili walikuwa wengi kuliko nafasi, hivyo walichaguliwa kwa bahati nasibu. Wengine 1,000 ambao hawakubahatika waliwekwa katika kundi linganishi na kujibu maswali yaleyale.

Kwa msomaji wa tiba, muundo huu ni wa kawaida kabisa: ndio tunaoutumia kupima dawa mpya. Tathmini za wizara husika zilionyesha kwamba waliolipwa walipungukiwa na ufukara, walitumia muda mwingi zaidi katika kazi ya sanaa, na waliripoti sonona na wasiwasi kwa kiwango cha chini kuliko wenzao wa kundi linganishi.

Tuyasome matokeo hayo kwa uangalifu uleule tunaoutumia kwa dawa. Washiriki walijua kama wanalipwa au la, na majibu yalitokana na maelezo yao wenyewe. Pia malipo yalianza baada ya kilele cha janga, kwa hiyo yanatueleza zaidi kuhusu uhakika wa kipato kuliko kuhusu kipindi cha kufungiwa. Hata hivyo yanatosha kusema jambo moja: uhakika wa fedha ndogo inayofika kwa wakati mkononi mwa mtu una uhusiano na afya ya akili yake, na uhusiano huo unapimika.

Jukwaa linairudishia nini afya?

Mwaka 2020, jukwaa la English National Opera jijini London likiwa kimya, kampuni hiyo na hospitali za Imperial College Healthcare zilibuni programu ya wiki sita kwa watu waliobaki na shida ya kupumua baada ya UVIKO-19. Walimu wa uimbaji waliwafundisha wagonjwa, kwa njia ya mtandao, kudhibiti pumzi kwa kutumia nyimbo za kubembeleza watoto. Programu ilipimwa kwa jaribio lenye mgawanyo wa nasibu lililowahusisha wagonjwa 150, na matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la tiba ya mapafu la Lancet. Walioshiriki walipata nafuu zaidi upande wa ustawi wa akili na katika sehemu ya vipimo vya kukosa pumzi. Nafuu hiyo ilikuwa ya wastani, wala haichukui nafasi ya uchunguzi wa mapafu na moyo. Lakini ilipatikana kwa wagonjwa ambao hawakuwa na tiba nyingi za kuchagua.

Ustadi huo haukununuliwa siku ya janga. Ulikuwepo kwa sababu watu walikuwa wamelipwa kwa miaka mingi kujifunza namna pumzi inavyobeba sauti. Mwaka huohuo wa 2022, baraza la sanaa la England lilitangaza kuiondoa kampuni hiyo katika orodha ya zinazopata ruzuku ya kudumu na kuitaka ihamie nje ya London. Serikali inaweza kuwa na sababu zake za kugawa fedha upya. Sisi watu wa afya tukumbuke tu kwamba chombo kikivunjwa wakati wa amani, hakitakuwepo siku ya kukihitaji.

Tukirejea kwetu

Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata serikali ilisitisha mikusanyiko, yakiwemo matamasha ya muziki. Kenya ilifunga kumbi zake pia, na mwezi Aprili Rais wa nchi hiyo alielekeza shilingi milioni 100 kutoka Mfuko wa Michezo zitolewe kwa wasanii, waigizaji na wanamuziki.

Mtu anaweza kuuliza, na ni haki yake: hospitali ikipungukiwa na hewa ya oksijeni, kwa nini shilingi iende kwa mpiga kinanda? Swali hili lisipuuzwe. Jibu lake haliko katika uzuri wa sanaa. Liko katika namna agizo la kiafya linavyotekelezwa. Mwenye bendi anayelisha familia kwa sherehe za harusi hataacha kupiga muziki kwa sababu tangazo limetolewa. Atapiga usiku, katika nyumba iliyofungwa madirisha ili sauti isisikike nje, na hapo hewa itakuwa mbaya kuliko ile ya ukumbi uliofungwa. Ukumbi unaofungwa bila fidia hufunguliwa kwa mlango wa uani.

Jambo hili tunalijua katika kifua kikuu. Mgonjwa asiye na nauli wala chakula hukatiza dozi, na ndiyo maana mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza ugonjwa huo unalenga pia familia zisiangamizwe na gharama. Hatumwiti mgonjwa huyo ombaomba tunapomsaidia akamilishe matibabu yanayowalinda majirani zake.

Kwa mantiki hiyo, msanii hana dai lililo kubwa kuliko la mama lishe au kondakta wa daladala aliyezuiwa na agizo lilelile. Dai la kila mmoja linatokana na katazo, na linadumu kwa muda wa katazo. Kinachomtofautisha mtu wa jukwaani ni kwamba kazi yake, kwa asili yake, ni mkusanyiko. Hufungwa mapema na kufunguliwa mwishoni.

Njia ya kumfikia nayo iwe yetu. Mpango unaotegemea kumbukumbu za kodi utawaacha wengi, maana kikundi cha ngoma cha kijijini hulipwa papo kwa papo, bila mkataba. Tunao usajili wa Baraza la Sanaa la Taifa, na tunao maafisa utamaduni wa halmashauri wanaovifahamu vikundi vya maeneo yao. Orodha hizo zikihuishwa kabla ya janga, fedha zitajua pa kwenda. Tunao pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaotoa mikopo, chombo chenye manufaa nyakati za kawaida. Wakati wa katazo, hoja ya mkopo tuliyoieleza hapo juu inabaki palepale.

Tahadhari moja ya mwisho: tusichanganye fidia na ujira. Msanii anayetungiwa mkataba wa kuimba kuhusu kunawa mikono alipwe kwa kazi hiyo. Asiyechaguliwa kuimba ujumbe wetu asiachwe na njaa kwa sababu hatuna haja na sauti yake. Msaada ukifungwa kwenye sifa za kampeni, hugeuka kuwa kishawishi, na jamii ikishatambua hivyo huacha kuuamini ujumbe wenyewe.

Mambo ya kutekeleza

Kwa watumishi wa afya:

1. Unapochukua historia ya mgonjwa wakati wa mlipuko, uliza kazi yake na kama bado inamlipa. Jibu litakuonyesha kama ataweza kujitenga kwa siku unazomwandikia.
2. Mgonjwa aliyepoteza kipato ghafla apimwe sonona. Muulize waziwazi kama amewaza kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo.
3. Ukishiriki katika kamati inayopendekeza kufunga kumbi, andika mambo manne katika pendekezo: kipimo cha kufungia, kipimo cha kufungulia, tarehe ya mapitio, na namna waliozuiwa watakavyofidiwa.

Kwa wasanii na wagonjwa:

1. Baada ya ugonjwa wa mapafu, rudi kwenye uimbaji au uchezaji hatua kwa hatua. Maumivu ya kifua, kuzimia, kukohoa damu au kukosa pumzi ukiwa umetulia ni dalili za kwenda hospitali bila kuchelewa.
2. Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki 3 ichunguzwe na daktari wa masikio, pua na koo.
3. Wakati wa maambukizi, fanyeni mazoezi nje au madirisha yakiwa wazi, kwa muda mfupi na kwa sauti ya chini, mkiachiana nafasi.
4. Kikundi kiwe na kanuni kwamba mwenye dalili abaki nyumbani na asipoteze nafasi yake wala mgawo wake. Bila kanuni hiyo, mgonjwa atakuja mazoezini na kuficha kikohozi.

Hitimisho

Karani aliyeandika hesabu za mwaka 1604 hakujua chochote kuhusu vimelea wala chembe zinazoelea hewani. Alijua kwamba watu fulani walizuiwa kufanya kazi kwa ajili ya afya ya jiji, na kwamba jiji liliwajibika kwao. Ujuzi wetu wa ugonjwa umekua sana tangu wakati huo, na unatupa haki ya kushauri kumbi zifungwe. Haki hiyo inaambatana na wajibu wa kueleza gharama, kumtaja atakayeilipa, na kuhakikisha malipo yanamfikia mtu mwenyewe. Fidia si fadhila inayofuata baada ya matibabu. Ni sehemu ya dozi, na dozi isiyokamilika hatuiandiki.

Maswali ya majadiliano

1. Katika wilaya yako, ni nani angepoteza kipato siku ya kwanza mikusanyiko ikizuiwa, na ni kumbukumbu ipi ingetumika kumtambua?
2. Ni katika mazingira gani mkopo unaweza kuwa msaada halali kwa msanii wakati wa janga?
3. Ukipewa nafasi ya kupima manufaa ya fidia kwa wasanii, ungeunda vipi kundi linganishi bila kumdhulumu mtu?